Ndoo ya Mipira Mia Haifundishi Gofu

Boom likiingia siku hizi, kuna kundi hapa chuoni haliendi tena kula kuku mjini. Linapanda daladala kwenda renji. Kwa asiyeijua, renji ni uwanja wa gofu usio na mashimo: unalipia ndoo ya mipira, unaazimwa fimbo, unasimama kwenye kimkeka chako na kuicharaza mipira kuelekea majani yaliyo mbele mpaka ndoo iishe. Mipira huifuati, wenyewe wataiokota baadaye. Watu wanarudi hosteli na picha nzuri, bega linauma, na ripoti ni moja tu: "Mwanangu, leo nimepiga mia!"

Wasiokwenda nao wana lao. Gofu ni mchezo wa wazito, wanasema, mtoto wa mkulima anatafuta nini kule. Hoja hiyo naipita haraka kwa sababu hainisumbui. Lugalo, uwanja wa mashimo 18 hapa Dar es Salaam, ni wa Jeshi. Afrika Mashariki yote ina wachezaji wa kulipwa walioanza wakiwa makedi, yaani wabeba mikoba ya fimbo za wenzao, na mtu anayebeba mkoba wa mwenzake juani kutwa nzima si mzito kwa maana yoyote ninayoijua. Madina Iddi amekuwa miongoni mwa majina makubwa ya gofu ya wanawake nchini, na sijasikia mtu akimuuliza baba yake analima au halimi. Mchezo ni mchezo. Anayetaka kwenda aende.

Ugomvi wangu uko kwenye ile "nimepiga mia". Mimi nasoma ualimu. Miaka mitatu kazi yangu imekuwa kusoma jinsi binadamu anavyojifunza jambo, na nikitazama wenzangu wanavyotumia hela yao pale renji naona kosa lilelile tunalolifanya kwenye vyumba vya kusomea. Bora tuliseme sasa, kabla wengi wetu hatujaenda BTP.

Tuanze na hesabu. Mwenzangu mmoja, namheshimu na jina lake simtaji, alimaliza mipira 100 kwa dakika 40 hivi. Hiyo ni mpira mmoja kila sekunde 24. Sasa nenda uwanjani kwenyewe. Mzunguko wa mashimo 18 unachukua kama saa nne, na anayeanza atapiga mikwaju 100 na ushee. Maana yake kati ya mkwaju na mkwaju kuna zaidi ya dakika mbili: unatembea, unautafuta mpira, unatazama upepo, unachagua fimbo, unamsubiri mwenzako apige. Na mkwaju unaofuata haufanani na uliopita. Ulipiga kwa draiva, ile fimbo ndefu yenye kichwa kikubwa, sasa unapiga fimbo ya chuma namba saba kutoka kwenye majani marefu, kisha weji fupi ya kuunyanyua mpira juu ya shimo la mchanga. Uwanjani hakuna hata mara moja utakapopiga draiva thelathini mfululizo. Uwanja wa kawaida wenye mikwaju 72 una mashimo kama 14 tu ambako draiva inahusika, na yale mashimo manne mafupi yaliyobaki haina kazi. Kwa hiyo yule mwenzangu alikuwa akifanya mazoezi ya mchezo ambao haupo popote duniani.

Halafu tazama hiyo 72 imepatikanaje. Kila shimo limetengewa mikwaju miwili ya kuusukuma mpira taratibu juu ya grini, yaani yale majani yaliyonyolewa kama zulia kuzunguka shimo. Mara 18 ni 36. Nusu ya hesabu nzima ni mikwaju ambayo haipigi picha nzuri, haina mlio, na bibi yako angeweza kuipiga akiwa amevaa kanga. Renji nyingi zina kigrini cha mazoezi pembeni, mara nyingi kikiwa kitupu. Wenzetu wanakipita kwenda kwenye mikeka.

Na mkeka wenyewe ni mwongo. Hili watu hawalijui. Majani ya bandia yamelazwa juu ya kitu kigumu, kwa hiyo ukikosea ukagonga sentimita chache nyuma ya mpira, fimbo inateleza juu ya mkeka na kuufikia mpira, nao unaruka vizuri tu. Kosa lilelile ukilifanya kwenye udongo, fimbo inachimba, donge la majani linaruka mbali kuliko mpira. Mkeka pia umetazamishwa mbele, mstari wake umekunyooshea miguu bila wewe kufikiri. Uwanjani hakuna mtu aliyekuchorea mstari, na wapigaji wengi wanaogundua kuwa mpira unakwenda kulia wanahangaika na mikono kumbe walisimama vibaya tangu mwanzo. Ongeza kwamba mipira ya renji mara nyingi imechoka, hairuki kama mpira mpya, basi hata ule umbali unaojisifia si wako sawasawa.

Ila mkeka ni kitu tu, ukiujua utajihadhari nao. Uongo mgumu zaidi unatoka kwenye hisia yako mwenyewe. Ukipiga chuma namba saba mara ishirini mfululizo, wa kumi na tano na kuendelea inaanza kuruka sawasawa, na moyo unasema: nimeipata. Hujaipata. Mwili umeshikilia tu kile ulichokifanya sekunde 24 zilizopita. Umekopi, umepesti. Kazi ya kukumbuka upya, kuamua upya na kujipanga upya, ambayo ndiyo gofu yenyewe, hukuifanya.

Mwaka 1994 watafiti watatu, Hall, Domingues na Cavazos, walichukua wachezaji wa besiboli wa chuo kimoja Marekani wakawapa mazoezi ya ziada ya kupiga, mara mbili kwa wiki kwa wiki sita, mipira 45 kila kikao. Kundi la kwanza lilirushiwa aina moja ya mpira mara 15, kisha aina ya pili 15, kisha ya tatu 15. Kundi la pili lilirushiwa mipira hiyohiyo 45, ila imechanganywa, hujui ijayo ni aina gani. La tatu halikupewa mazoezi ya ziada. Mwishoni wote walijaribiwa kwa mipira iliyochanganywa, kama ilivyo kwenye mechi. Kundi la mchanganyiko lilikuwa limepanda kwa karibu asilimia 57. La mafungu, asilimia 25. Lisilo na mazoezi ya ziada, asilimia 6. Idadi ya mipira ilikuwa moja kwa makundi yale mawili, kilichotofautiana ni mpangilio tu.

Kuna nyingine ninayoipenda zaidi kwa sababu inahusu watoto. Kerr na Booth, mwaka 1978, waliwapa watoto wa miaka 8 vifuko vya maharage wavirushe kwenye shabaha. Kundi moja lilifanya mazoezi kwa umbali wa futi tatu tu. Lingine lilirusha futi mbili na futi nne, tatu halikugusa. Jaribio likawa la futi tatu. Walioshinda ni wale ambao hawakuwahi kurusha futi tatu.

Na kwa nini tusiamini haya tukiambiwa? Simon na Bjork walilionyesha mwaka 2001. Waliwafundisha watu kubonyeza vitufe kwa mpangilio na kasi maalumu, wengine kwa mafungu, wengine kwa kuchanganya, kisha wakawauliza: kesho mtafanyaje? Wa mafungu walijipa alama za juu. Kesho yake wakaanguka chini kabisa ya walichotabiri. Waliochanganyiwa, ambao mazoezi yaliwasumbua, ndio waliokumbuka. Yaani ile raha ya kuona mambo yananyooka ndiyo inayokudanganya. Anayesoma desa moja mara tano usiku wa kuamkia UE anaijua raha hiyo. Kila mstari anaufahamu, anauona rafiki. Kwenye chumba cha mtihani rafiki anamkana.

Hapa lazima atokee mtu wa masaa elfu kumi. Kila kozi ina mmoja. Ameambiwa kwamba ukifanya kitu kwa masaa 10,000 unakuwa bingwa, basi anahesabu masaa. Hesabu hiyo ilienezwa na kitabu cha Malcolm Gladwell cha mwaka 2008, akiutegemea utafiti wa Anders Ericsson na wenzake wa mwaka 1993 juu ya wapiga fidla wa Berlin. Ericsson mwenyewe alilalamika kwamba amesomwa vibaya. Alichokisisitiza ni aina ya mazoezi: yenye lengo dogo lililo wazi, umakini mzima, na namna ya kujua umekosea wapi. Masaa bila hayo ni kupoteza masaa.

Kwetu Ilagala hakuna renji. Kuna Malagarasi unaoingia ziwani, kuna michikichi, kuna kivuko cha kwenda ng'ambo Kajeje, na kuna watoto wenye mishipi. Siusifu umaskini wa vifaa, nisieleweke vibaya. Ningefurahi sana watoto wa kwetu wangekuwa na viwanja. Ila nikiyasoma haya ya vifuko vya maharage namkumbuka mjomba wangu akitufundisha kurusha mshipi. Unaushika uzi, unaizungusha risasi ya mwishoni, unaiachia iende pale unapodhani ngege yupo au kambale yupo. Ukikosa, huwezi kurusha tena baada ya sekunde 24. Lazima uvute uzi wote, uukunje usijifunge, uangalie chambo kama kipo, na wakati huo mtumbwi umeshasogea, upepo umegeuka, maji ya mto yamesukuma. Mrusho wa pili ni swali jipya. Tukifanya haraka mjomba alikuwa anatuzuia mkono: "Tulia, mjomba. Ile ya kwanza imeangukia wapi?" Usipoweza kumjibu, hurushi.

Mjomba hajasoma Bjork. Uzi wenyewe ulimlazimisha kufundisha vizuri. Renji imekuondolea uzi, imekurundikia mipira miguuni ili kitu pekee kinachobaki kiwe kupiga, kwa hiyo kazi ya uzi inabidi uifanye mwenyewe.

Vipi? Mimi nikipewa ndoo ya mipira 50 (kwa bajeti ya mwanachuo 50 inatosha, na ikibidi mgawane wawili), naitumia hivi. Kumi ya kwanza ni ya kuupasha mwili, fimbo fupi, nusu nguvu, siihesabu kuwa mazoezi. Kumi nyingine natafuta jambo moja tu ninalolirekebisha, moja, si manne. Kwa anayeanza kabisa hata ziwe ishirini, maana mchanganyiko una wakati wake: mtu ambaye hajaweza hata kuugusa mpira ukimbadilishia fimbo kila mara unamchanganya bure. Ajue kwanza kugonga. Na hapo akiwa anajifunza kugonga asijijaze mawazo ya kiwiko, goti na kiuno. Wulf na wenzake mwaka 1999 waliwafundisha watu ambao hawakuwahi kucheza gofu. Wengine wakaambiwa wafikirie mwendo wa mikono yao, wengine mwendo wa fimbo. Wa fimbo walipiga vizuri zaidi siku hiyo, na kesho yake tena. Basi fikiria fimbo inakopita na mpira unakokwenda. Wale wanaosimama nyuma ya mwenzao wakimpa maelekezo sita kwa mpigo, "kichwa, mkono, goti, wewe!", wakanunue soda.

Mipira 30 inayobaki ndiyo gofu. Unacheza uwanja wa kichwani. Mwenzako anakutajia: shimo refu, kulia kuna miti, yaani ile nguzo, kushoto salama. Unapiga draiva. Imekwenda kulia? Haya, usipige draiva nyingine ya kujifariji! Uko kwenye miti, toa chuma namba saba, piga chini chini urudi njiani. Kisha weji mpaka kwenye kile kibao cha mita hamsini. Kila mkwaju unarudi nyuma ya mpira, unachagua shabaha ndogo, unasimama upya, na kabla ya kupiga unasema kwa sauti mpira utaangukia wapi. Baada ya hapo unajibu swali la mjomba. Ukifanya hivyo mipira 30 itakuchukua nusu saa nzima, na utatoka jasho la akili zaidi ya yule wa mia. Utaonekana pia hujui kupiga. Mpira mmoja mzuri, miwili ya ovyo, mmoja wa aibu. Video haitapendeza. Hapo ndipo wengi watarudi kwenye namba saba zao ishirini, na siwalaumu sana, maana nani anataka kulipa hela ili aonekane hajui?

Muda unaobaki nenda kwenye kile kigrini kitupu. Chukua mpira mmoja, narudia, mmoja. Ukiwa na mitatu unapiga wa kwanza vibaya, wa pili unasahihisha, wa tatu unaingia na unaondoka ukijiona fundi, wakati uwanjani ule wa kwanza ndio uliohesabiwa.

Nimesema naandika kabla ya BTP. Wengi tunatoka kwenye mafunzo madogo ya kufundisha, yale ya dakika chache mbele ya wenzetu. Wazo lake lilianza Stanford miaka ya 1960, kwa Dwight Allen na wenzake, na lilikuwa zuri: somo fupi, wanafunzi wachache, unaambiwa ulipokosea, unalifundisha tena. Sisi tumelifanya mkeka. Wanaojifanya kidato cha pili ni wenzetu wa mwaka wa tatu, wanajua jibu, wananyoosha mikono kwa upendo, wanakupigia makofi, unapata alama. Tunarudia somo lilelile tulilolizoea mpaka linateleza. Kisha unapangiwa shule kama hizi za kwetu kando ya ziwa: darasa limejaa, nyumbani mtoto anaongea Kiha, shule ya msingi kasoma kwa Kiswahili, wewe umeingia na Kiingereza chako cha kwenye andalio la somo, na swali lako la kwanza limepokewa kwa kimya. Kimya kabisa. Hilo ni udongo, fimbo imechimba. Anayelipa gharama hapo si mimi mwenye alama zangu. Ni mtoto aliyeamka alfajiri akaanika dagaa kabla ya kuja shule, na kipindi chake cha dakika arobaini hakitarudi.

Ndiyo maana kwenye kundi letu tumeanza kuokota vikaratasi. Kabla mtu hajafundisha, watano wanaokota: wewe hujibu chochote, wewe unajibu kwa Kiswahili tu, wewe unauliza jambo lisilohusika, wewe unajua kuliko mwalimu, wewe umesinzia. Mwalimu haambiwi nani ni nani. Masomo yetu yamekuwa mabaya kuyatazama tangu tuanze, na mhadhiri aliyepita mlangoni juzi alisimama kidogo akatikisa kichwa. Tunaendelea.

Kwa serikali yetu ya wanafunzi nina ombi dogo. Wizara ya michezo ikitafuta bei ya kundi kwa wanaotaka kwenda renji, na naona itafute maana wanaokwenda wanaongezeka, isiishie kwenye punguzo la ndoo. Iombe saa moja ya kigrini cha mazoezi kwa kila kundi, maana kusukuma mpira ndiyo nusu ya mchezo na hakuhitaji ndoo yoyote. Iombe kedi mmoja mzoefu alipwe haki yake aje atembee nasi hata mashimo matatu ya kweli, tuone udongo ulivyo. Iweke siku ya wasichana, kwa sababu nimewasikia wengi wakisema hawapendi kujifunza huku kundi la wavulana limesimama nyuma na simu zimewashwa. Na fimbo za mkono wa kushoto ziwepo. Kwenye kozi yetu peke yake nawajua wanne.